Mwaka Tulipolihesabu Bonde

Shabbir alizikwa siku ya Jumatano. Habari nilizipata saa mbili tu kabla ya maziko, kwa ujumbe wa simu ulioandikwa na binti yake ambaye sikuwahi kumwona. Nilivaa baibui nikaenda kukaa na wanawake kwenye ukumbi wa msikiti wao mjini, nikiinua mikono wenzangu walipoinua na kuishusha waliposhusha. Baadaye yule binti, Fatema, alikuja kukaa kando yangu. Aliniambia baba yake alikuwa mtu wa kusimulia. Alisimulia habari za shule, za duka la babu yao, za kila safari aliyowahi kusafiri, lakini ukimgusia mwaka wa mvua za Elinino alikuwa anaulizia chai au anatafuta miwani. Mara moja tu aliwahi kusema kwamba ukitaka kujua mambo ya mwaka ule umtafute Rehema wa Temeke. "Shangazi," akaniuliza, "mlifanya nini mwaka ule?" Nilimjibu kwamba tulichora ramani, kisha nikaona aibu kwa ufupi wa jibu langu, kwa sababu mtu hakai kimya maisha yake yote kwa sababu ya ramani. Pale ukumbini, watu wakipitisha sahani za tende, hapakuwa mahali pa kulimaliza jambo lile. Nalimaliza hapa.

Ofisi yetu ilikuwa Kinondoni, kwenye nyumba ya kuishi iliyopangishwa kwa mradi, na chumba cha kompyuta kilikuwa zamani chumba cha kulia cha wenye nyumba. Kidirisha cha kupitishia vyakula kutoka jikoni kilikuwa bado kipo. Saa nne kila asubuhi mama wa usafi alipitisha hapo birika la chai na sahani ya maandazi, nasi tulinyanyuka kwenda kunywea barazani, maana ilikuwa marufuku kuleta hata tone la maji karibu na mashine. Viatu tulivua mlangoni. Kiyoyozi kilivuma kutwa nzima kwa ajili ya kompyuta, si kwa ajili yetu, na mie nilikuwa nafanya kazi nimevaa sweta, Dar es Salaam hii hii, jambo ambalo nikilisimulia nyumbani waliona najidai. Miaka ile kila kitu kilikuwa kinaingia nchini kwa mkupuo, magari ya mitumba, televisheni, simu za mkononi kubwa kama tofali, na miradi. Mradi wetu ulitakiwa kuwaambia wakubwa jambo ambalo ukilisema upesi linaonekana jepesi: mto ukifurika, nani ataingiliwa na maji, hasara itakuwa kiasi gani, na watu wakimbilie wapi.

Shabbir ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa amenizidi miaka kama kumi, Mhindi wa hapa hapa, mzaliwa wa mjini, mwembamba, mwenye suruali nyeupe zilizopigwa pasi mpaka ukaona mkunjo kutoka mbali. Mie nilimwita braza, naye aliniita Rehema kwa sauti ya mtu anayemwita dada yake mdogo aje kushika ngazi. Chakula chake cha mchana kilikuja kwenye vyombo vitatu vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na chombo cha chini, chenye viazi vya ndimu na bizari, alikisukuma kwangu kila siku. Aliniketisha mbele ya meza kubwa nyeupe yenye nyaya ndani yake. Unabandika ramani ya karatasi juu yake, unashika kidude chenye kioo na alama ya msalaba, unafuata mstari na kubofya kila kona, na kile unachofuata kinajitokeza kwenye kompyuta. Nilibofya mito. Nilibofya barabara. Nilibofya nyumba moja moja kutoka kwenye picha zilizopigwa na ndege miaka kadhaa nyuma, mpaka usiku nikifumba macho naona paa. Kisha Shabbir alikuwa anaipa ile programu urefu wa maji, tuseme mita mbili juu ya ukingo, na rangi ya buluu inatambaa taratibu juu ya ramani. Inapomaliza kutambaa, programu inahesabu nyumba zilizo chini ya buluu, inakupa hasara, inakuchagulia na jengo la umma lililo karibu la kuwakusanyia watu. Mara ya kwanza nilipoiona nilidhani tumemaliza matatizo ya dunia.

Nilikokuwa nalala ni Temeke, kwenye bonde ambalo wenyewe waliliita Kwa Kibwana, katika nyumba ya Bi Mwanahawa. Alikuwa Mzaramo wa pale pale, mjane, mwenye nyumba ya vyumba sita na ukumbi katikati. Mie nilikuwa chumba cha mwisho kushoto. Chumba kinachonitazama alikaa Athumani, fundi cherehani, mtu asiye na mke wala mtoto, aliyeshona sare za shule na kuzungumza na cherehani yake kama mtu anavyozungumza na ng'ombe mkaidi. Kuta za nyumba ile hazikufika kwenye paa, kwa hiyo tulijua mambo ya wenzetu tutake tusitake. Usiku ukitega sikio unasikia mtu akikohoa, mtu akipiga hesabu ya unga, na mara nyingi sana unasikia mazungumzo ya bomoabomoa, kwamba mtaa fulani wamepigwa alama ya X nyekundu kwenye kuta, kwamba na huku watakuja. Bi Mwanahawa alikuwa mjumbe wa nyumba kumi. Bonde lilipojaa watu hakuna aliyekuja kuchagua wajumbe wengine, basi nyumba zote zikawa zake. Alikuwa na daftari nene ambamo aliandika kila kaya, kwa herufi kubwa alizofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima, akiandika kama anavyotamka. Athumani alikuwa "ASUMANI FUNDI". Jioni tulikula pamoja ukumbini, mihogo na dagaa wa nazi, na chai ya tangawizi ikiwa sukari ipo, naye aliniita mwanangu, na mie nilimwita mama.

Redioni walishaanza kusema mvua za mwaka ule zitakuwa kubwa. Ofisini tukaambiwa tuharakishe, kamati ya maafa ilikuwa inaisubiri ramani yetu. Siku tuliyofika Temeke, Shabbir aliweka maji, buluu ikatambaa ikaingia bondeni kwetu na kulifunika lote, kutoka mwembe wa mwanzo mpaka njia ya reli. Kisha programu ikahesabu, na pale chini ikaandika kwamba nyumba zilizoathirika ni sifuri, hasara sifuri. Shabbir akadhani imekosea, akarudia. Sifuri. Nikamwomba asogeze ile picha ya ndege karibu, na nilipoitazama vizuri nikaelewa. Picha ilipigwa wakati bonde lilikuwa bado shamba la mikorosho. Mie mwenyewe nilikuwa nimekaa wiki nzima nikibofya mikorosho ile kama mistari ya shamba, bila kutambua kwamba nachora mahali ninapolala. Kwa kuwa hapakuwa na nyumba, hapakuwa na mashua iliyopangiwa huko wala blanketi moja. Na kwa wale wachache waliokaa mwinukoni, jengo la kukimbilia lililochaguliwa lilikuwa shule iliyo ng'ambo ya mto. Kwenda shuleni lazima uvuke kidaraja cha magogo ya minazi ambacho hata mvua ya kawaida hukizamisha.

Tulikwenda kwa mkuu wetu, Bwana Mkude, mtu wa makamo aliyependa kutuita vijana wake na ambaye, nakiri, ndiye aliyenipa kazi nikiwa sina hata cheti cha kupiga chapa. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akatueleza, kwa upole kabisa, kwamba nyumba za pale hazina hati, hazimo kwenye michoro ya mipango miji, na kazi ya mradi si kubadili sera ya ardhi.

"Binti," akaniambia, "mimi siwezi kuhesabu vibanda. Nikiviweka kwenye ramani hii, kesho watasema serikali imewatambua."

"Na maji yakija, mzee, yatauliza hati?" Shabbir akasema.

Bwana Mkude hakukasirika. Alisema ramani itakwenda kama ilivyo, nakala ya kwanza ya mpango ataituma kwa faksi siku ile ile, na yeye Jumapili anasafiri kwenda Dodoma kwa wiki mbili. Akachukua kalamu akaendelea kuandika. Tulipotoka, Shabbir alisimama barazani muda mrefu akivaa kiatu kimoja. Mwisho akaniuliza kama naweza kumpeleka nilikokuwa nakaa.

Jumamosi alikuja na futi ya mita thelathini, na nakala ya ile picha ya ndege, na suruali nyeupe. Tulitembea bonde lote kwa miguu siku ile na Jumapili, kisha Jumamosi na Jumapili iliyofuata. Mie nilishika ncha moja ya futi na yeye nyingine, tukipima kutoka kwenye mwembe, kutoka kwenye nguzo ya reli, kutoka kisimani, vitu vilivyoonekana kwenye picha, ili tujue kila nyumba ikae wapi. Alizama matopeni mpaka magotini na hakuacha kuomba radhi kwa kila aliyemchafulia uwanja. Watu hawakutupenda. Mwanamke mmoja alizuia mlango kwa ufagio na kusema hapimwi mtu hapa. Wanaume wawili walitufuata nyuma kimya tangu asubuhi hadi adhuhuri, hatua kumi kutoka tulipo, na kila nikigeuka wanasimama. Sikuwalaumu. Bondeni kwetu mtu mwenye futi na karatasi alikuwa na maana moja tu.

Bi Mwanahawa ndiye aliyetufungulia njia. Jioni ya kwanza alimkaribisha Shabbir ukumbini, akampa kiti kimoja chenye mgongo, akampa na muhogo, akamwacha ale. Halafu akanigeukia mie.

"Hesabu hii, mwanangu, ni ya kutuokoa au ya kututoa?"

Nilimwambia ni ya kuwaokoa. Nilimwambia bila kufikiri, na nikaapa. Shabbir aliinamia sahani yake. Bi Mwanahawa akaingia chumbani akarudi na daftari, akalipangusa kwa upande wa khanga.

"Basi lichukue. Ila ujue nimekupa watu, sijakupa karatasi."

Tangu siku ile milango ilifunguka. Wazee walituonyesha kwenye miti na kuta maji ya miaka iliyopita yaliishia wapi, na Shabbir alipima kila alama. Alipima na kidaraja. Alipiga hesabu akiwa amechuchumaa pale pale ukingoni, akaniambia kwamba maji yatakifunika kidaraja kabla hayajagusa nyumba hata moja, yaani mtu akingoja nyumba iingie maji ndipo akimbilie shule, njia itakuwa imeshakwisha. Upande wa juu, karibu na barabara, kulikuwa na ghala la zamani la korosho, tupu, limefungwa. Mwenye ghala alisali msikiti mmoja na Shabbir. Sijui alimwambia nini, lakini Jumatatu Shabbir alikuja kazini na ufunguo mfukoni, na jioni nikaupeleka kwa Bi Mwanahawa.

Wiki ile yote tuliingiza nyumba, zaidi ya mia mbili, tukaweka ghala mahali pa shule, na kila nyumba tuliiunganisha na jina lake kutoka kwenye daftari, ili ukibofya paa ujue ni ya nani na wamo wangapi. Mvua ilikuwa imeshaanza. Kila umeme ulipotikisika tulihifadhi kazi upya. Ijumaa dereva wa kamati alifika kuchukua ramani, akakaa barazani na kikombe cha chai, nasi ndani mashine ya kuchora ilikuwa bado inachora, ile kubwa yenye kalamu zinazokwenda na kurudi, na ilikuwa haijafika hata nusu. Ramani ya zamani ilikuwa imekunjwa tayari kwenye bomba lake pembeni. Umeme ukakatika. Kalamu ikasimama katikati ya bonde. Dereva akachungulia akasema amepewa saa moja tu, apewe hiyo iliyo tayari. Nilimwona Shabbir akilitazama lile bomba, na nilijua anachofikiri, kwa sababu nami nilikuwa nafikiri hicho hicho: kwamba tukimpa hiyo hakuna atakayetulaumu. Badala yake alikwenda nyuma ya nyumba, akavuta kamba ya jenereta mara tano, sita, saba, mpaka ikakubali, akaanzisha kuchora upya kutoka mwanzo, na kumwambia dereva anywe chai nyingine. Ilipokwisha alitandika ile karatasi mezani na kutia sahihi yake mahali pa mkuu wa mradi. Nilitaka kutia na yangu. Akaukunja mkono wake juu ya kalamu. Alisema mie ni mwanafunzi wake, nikiulizwa niseme niliagizwa.

Jambo moja tulilisahau, nalo ni faksi. Mpango wa kwanza, ule wa shule, ulikuwa umeshakwenda wiki mbili nyuma. Jumapili alasiri, mvua ikimwagika, gari lenye kipaza sauti lilipita barabara ya juu likiwatangazia wakazi wa Temeke kwamba wakiona hatari waende shuleni. Nilikuwa natwanga kisamvu. Niliacha mchi kwenye kinu. Bi Mwanahawa hakuniuliza maswali mengi, aliwatuma wanawake saba njia saba, nyumba kwa nyumba, kusema msivuke mto, nendeni ghalani, ufunguo upo. Mie nilichukua njia ya kisimani. Tulirudi magharibi tumelowa, Bi Mwanahawa akitia alama kwenye daftari kila kaya iliyoambiwa. Zilibaki chache ambazo watu wake hawakuwepo, na mmoja wao alikuwa Athumani, aliyekwenda kupeleka sare Mtoni.

Hapa ndipo ninapotakiwa kusema lile ambalo sikumwambia Fatema. Athumani alirudi baada ya isha. Nilimsikia. Nilisikia kufuli likifunguka, nikasikia akiikung'uta kofia yake, nikamsikia akiiambia cherehani kwamba leo wametangaza twende shule, bibi, itabidi nikubebe. Nilikuwa nimelala chali kitandani, miguu inauma, nguo zangu zimetundikwa zikichuruzika. Ukuta haukufika kwenye paa. Ningeinua sauti tu. Nilijiambia nitamwambia asubuhi.

Maji yalikuja alfajiri, bila kelele niliyoitazamia. Yalikuwa sauti ya mtu anayemimina ndoo pole pole bila kumaliza. Mlango wa Athumani ulikuwa umeshafungwa kufuli kwa nje. Tulitoka na taa za chemli, Bi Mwanahawa mbele na daftari limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, tukapanda kuelekea ghalani, na kila njia ilitoa watu wake. Kulipopambazuka malori yalikuwa yameshafika barabarani, mawili, na mtu mmoja aliyevaa koti la mvua alikuwa ameshika ramani yetu. Niliitambua kwa mistari yake. Sijawahi kuwa na fahari kama ile na sijawahi kuilipia kama nilivyoilipia, kwa sababu nilipogeuka kutazama bonde nilimwona Athumani. Alikuwa chini, karibu na kidaraja, na kichwa cha cherehani begani. Nadhani alitaka kukiweka shuleni mapema, arudi atusaidie sie wenye mizigo. Nilimwita. Tulimwita watu wengi, lakini mvua na umbali vilikula sauti zetu. Magogo yalikuwa hayaonekani tena, ila yeye alijua yalipo, aliyakanyaga kwa mazoea, hatua ya kwanza, ya pili. Kisha sikumwona. Hakuanguka kwa kishindo. Nilitazama pale pale nikingoja ainuke.

Ndani ya ghala Bi Mwanahawa alisimama juu ya kreti, akafungua daftari na kuita majina. Walikuwa watu mamia. Kila aliyeitwa aliitika, na wenye watoto waliwaitikia watoto wao. Alipofika "Asumani fundi" aliita mara tatu. Mie nilikuwa najua, na sikuweza kumwambia asiite. Wakampata siku ya tatu, chini kabisa, kwenye mikoko.

Kamati ilisifu. Bwana Mkude aliporudi kutoka Dodoma alikuta barua ya pongezi mezani, na kwa kuwa barua ilikuwa ya pongezi hakuuliza sana habari za sahihi. Alituita vijana wake. Wageni walikuja kuitazama programu, wakabofya paa na kufurahi kuona jina linajitokeza. Ofisi moja ya wakubwa ikaomba orodha ya majina yote yaliyo ndani ya buluu. Shabbir aliichapa siku hiyo hiyo. Alidhani ni ya mablanketi na mabati. Hakuuliza, nami niliyekaa hatua mbili kutoka kwake sikuuliza, nilikuwa nakula viazi vyake.

Mvua zilipokwisha watu walirudi bondeni, wakakandika kuta upya. Asubuhi moja nilipotoka kuoga nilimkuta kijana mwenye kopo la rangi ameshaipita nyumba yetu. X ilikuwa kubwa, kutoka dirishani kwangu hadi mlangoni, na rangi ilikuwa bado inatiririka. Mchana Bi Mwanahawa alikwenda kusoma karatasi zilizobandikwa kwenye ofisi ya kata. Alibandua moja, sijui aliwezaje mbele ya watu, akaja nayo mpaka chumbani kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, maana kwa kawaida alibisha ukumbini. Akaiweka kitandani. Majina yalikuwa kwa mpangilio wa daftari lake, na makosa yake ya herufi yote yalikuwemo. Kidole chake kilishuka mpaka kwenye ASUMANI FUNDI, anatakiwa kuhama ndani ya siku thelathini.

"Hata maiti wamempa notisi," akasema.

Nilianza kumweleza kwamba sikujua, kwamba tulidhani ni msaada, kwamba nitakwenda kuzungumza na Bwana Mkude. Alinisikiliza vile vile Bwana Mkude alivyotusikiliza, mpaka mwisho.

"Nilikuuliza, Rehema," akasema, akatoka. Lilikuwa ni jina langu tu, na hakuna aliyekuwa ameniita hivyo katika nyumba ile.

Tulikwenda kwa Bwana Mkude, naye alisema, na nadhani alisema kweli, kwamba hakuiagiza orodha hiyo wala hawezi kuirudisha. Shabbir alitaka kuzifuta nyumba zote kwenye kompyuta. Alikaa mbele ya kioo na kidole juu ya kitufe, na mie ndiye niliyemzuia. Nilimwambia karatasi zimeshatoka, tukifuta tutakuwa tumewaondoa mara mbili, na mvua nyingine zitakuja. Hakufuta. Lakini tangu siku hiyo chombo chake cha chini kilikuwa kinarudi nyumbani kimejaa.

Watu walipelekwa Chanika, ambako miaka ile kulikuwa na mashamba ya mihogo na mikorosho na kimya kingi. Mie nilipata chumba Kinondoni kwa mfanyakazi mwenzangu. Mwezi mzima sikwenda. Sikuwa na uso. Aliyenilazimisha ni Shabbir, aliyekuja Jumapili moja na pikapu ya kaka yake imejaa mabati ya mtumba, akapiga honi mpaka nikatoka. Tulimkuta Bi Mwanahawa chini ya turubai, anachambua mchicha, amekonda. Nilimpigia shikamoo, akaitikia marahaba kama anavyoitikia mtu yeyote. Alitupa maji ya kunawa, akatupakulia ugali na mchicha, akamwuliza Shabbir habari za nyumbani kwake na za afya ya mama yake. Mie hakuniuliza kitu. Nilikula kila kilichowekwa mbele yangu kwa sababu kukibakisha kungekuwa kosa lingine.

Tulipomaliza alifunika vyungu akasema tumfuate. Alituongoza kati ya vigingi vya viwanja vipya, vilivyopangwa kwa mistari iliyonyooka vizuri sana, hadi mahali ambapo ardhi ilibonyea kidogo tu, usingeona kama hujaonyeshwa. Nyasi zote zilikuwa zimelalia upande mmoja. Chini yake palikuwa na mchanga mweupe uliooshwa. Vigingi vilipita katikati ya mchanga ule, nane au tisa, na kwenye viwili watu walikuwa wameshachimba msingi.

"Maji hupita hapa," Bi Mwanahawa akasema. "Aliyechora hakufika."

Sote watatu tulitazama pale chini. Shabbir aligeuka, akaenda kwenye pikapu, akarudi na futi na karatasi. Nilinyoosha mkono kushika ncha yangu kama tulivyozoea, lakini Bi Mwanahawa alishaishika yeye, ameivingirisha mara moja kwenye kiganja ili isiteleze, na amesimama kwenye kigingi cha kwanza.

"Hii nitashika mie," akasema. "Wewe andika."

Viwanja vile vilihamishwa, ingawa si kwa wiki wala kwa mwezi, na si kabla ya Bwana Mkude kutufokea kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Mwaka uliofuata mradi ulifungwa, mashine zikaenda zilikokwenda. Shabbir alirudi kwenye duka la baba yake na mie nikaingia kazi nyingine ya ramani ambayo niliifanya mpaka nilipostaafu. Lakini siku ile hatukujua lolote kati ya hayo. Jua lilikuwa kali. Bi Mwanahawa alikwenda kutoka kigingi hadi kigingi akivuta futi, Shabbir akisoma namba, na kwenye kila kigingi Bi Mwanahawa alitaja mwenye kiwanja na waliomo ndani, wakubwa kwa wadogo. Kila nilipoandika alinitaka nisome kwa sauti nilichoandika, na pale nilipomsahau mtoto mmoja wa kaya ya tatu, alinirudisha mwanzo.